Plake ya jua: hesabu batri kwanza

Ndugu msomaji wa Butembo ao Beni, mbele ya kununua plake, kamata karatasi. Baba na mama, andikeni pamoja pesa ya kila mwezi: petroli ya taa, mishumaa, kuchaji telefone kwa jirani. Plake nzuri hupita miaka 20. Batri ya asidi ndiyo inakula pesa: ukiimaliza nguvu kila usiku, miaka 2 tu inakufa. Kama ni dola 96, hiyo ni dola 4 kila mwezi, plake bado hatujaihesabu! Tena pimeni kwa siku za mawingu, si za jua kali. Wati 100 zinatosha taa, radio na telefone. Feri ya umeme? Hapana, mama, ya makaa usiitupe.