Meza hiyo kaipanga nani?

Mchoraji Francis Bacon alipofariki mwaka 1992, aliacha London chumba cha kazi ambacho mama mwenye nyumba yeyote angekifungia mlango mgeni asikione. Makopo ya rangi iliyokauka, brashi zilizogandiana, vitabu vilivyochanika, picha zilizokanyagwa, turubai alizozikata mwenyewe kwa kisu. Kuta na mlango ndivyo alivyotumia kuchanganyia rangi. Mrithi wake alipokitoa chumba hicho kwa jumba la sanaa la Hugh Lane la Dublin mwaka 1998, waliitwa wanaakiolojia wachore kila kitu kilipolala kabla hakijaguswa. Vitu zaidi ya 7,000 vikaorodheshwa na kuvushwa bahari, pamoja na kuta, sakafu na hata vumbi. Bacon alikuwa akifanya kazi humo tangu 1961, na alisema wazi kwamba fujo ile ndiyo iliyomletea picha kichwani.

Wenye meza zilizofurika humpenda sana Bacon. Humtaja pamoja na Einstein, ambaye meza yake ilipigwa picha na Ralph Morse wa jarida la Life siku ileile mzee alipofariki, Aprili 1955, karatasi zikiwa zimetapakaa. Wenye meza safi nao wana wa kwao: utafiti wa Sabine Kastner wa Chuo Kikuu cha Princeton unaonyesha kuwa vitu vingi vikiwa mbele ya macho kwa pamoja hugombania nafasi kwenye ubongo, na kila kimoja hukipunguzia kingine nguvu. Ubishi huu unaweza kukesha. Mimi naona pande zote mbili zinagombania unadhifu, wakati la kuuliza kwanza ni nani aliyeipanga meza.

Mtazame fundi cherehani wa barazani. Vipande vya kitenge vimezagaa miguuni, gauni la sendofu limening'inia juu ya suti ya mtoto, futi iko shingoni, chaki haionekani. Fujo tupu. Lakini uzi ukikatika, mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la maziwa na kutoka na bobini ya rangi ileile, macho yakiwa bado kwenye upindo. Rundo la kushoto ni la Ijumaa. La kwenye kiti ni la wanaodaiwa. La chini ya meza ni la wale wanaoambiwa, "Njoo kesho, dada, vimebaki vifungo tu." Sasa siku kijana anayejifunza kazi akitaka kumfurahisha, akafagia, akakunja kila kitu na kukipanga kwa rangi, asubuhi yote inaishia kwenye "Dogo, ile kola umeiweka wapi?" Baraza limependeza, fundi amenuna.

Kununa huko kuna vipimo vyake. Mwaka 2010, Craig Knight na Alexander Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha majaribio ya ofisi. Waliowekewa mimea na picha walizalisha kwa asilimia 17 zaidi ya waliofanya kazi kwenye chumba kitupu. Waliopewa mimea na picha hizohizo wazipange watakavyo walifika asilimia 32. Kundi lililonivutia ni la nne: waliachwa wapange, kisha mtafiti akarudi, akavuruga mpangilio wao na kuweka wake. Faida yote ikapotea. Ofisi ilikuwa na mapambo yaleyale, ila haikuwa yao tena.

Kuna na fujo ambayo hukuifanya wewe, lakini utakayeiondoa ni wewe. Mwaka huohuo wa 2010, Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha utafiti wao wa wanandoa wa Los Angeles waliotembea ndani ya nyumba zao wakizieleza mbele ya kamera. Wake waliozungumzia zaidi vurugu na kazi ambazo hazijamalizika, kotisoli yao, ile homoni ya msongo, haikushuka vizuri kadiri siku ilivyokwenda. Kwa waume, hali hiyo haikujitokeza hivyo. Wasomaji wa kike hawahitaji kuelezwa sababu. Rundo la nguo humsemesha atakayelikunja.

Hata hivyo zipo meza ambazo "niachie, najua kilipo" haifai kabisa. Mwaka 2007 Wizara ya Afya ya Tanzania, ikisaidiwa na JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la Japani, ilianza kujaribu Hospitali ya Rufaa Mbeya utaratibu wa 5S uliotoka viwanda vya Japani na kupita hospitali za Sri Lanka: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Muuguzi wa zamu ya usiku aliyepokea mgonjwa anayevuja damu hana nafasi ya kukisia kama kanula ziko droo ya pili au ya tatu. Lebo iliyobandikwa mbele ya droo inamtuliza kuliko semina yoyote ya msongo wa mawazo. Na utaratibu wenyewe unataka kila kitengo kiwe na timu ndogo ya wafanyakazi wake wanaoamua nini kikae wapi, kwa kuwa wanaoivuta droo usiku ni wao. Timu hiyo ikifa, kinachobaki ni usafi wa kumsubiri mgeni: makabati yanapangwa leo kwa sababu mkubwa anakuja kesho.

Ofisi nyingi zimedaka hatua ya "safisha" na kuiacha timu. Waraka unabandikwa: ifikapo saa kumi jioni meza zote ziwe tupu, picha za watoto na vikombe binafsi viondolewe. Hakuna anayemuuliza katibu muhtasi yale mafaili ya vitengo vitatu yamefikaje mezani kwake, wala nani alipaswa kuyasaini tangu mwezi uliopita. Basi ikikaribia saa kumi mafaili yanaondoka. Yanaingia kabatini, yanashuka chini ya meza, mwisho yanahamia kwa yule mdogo kuliko wote, asiye na wa kumsukumia.