Tuliwapeleka watoto kuoga mlimani



Siku ya posho iliyopita, kabla masomo hayajafunguliwa, wamama 6 wa kikundi chetu tuliwachukua watoto 15 tukapanda nao kwenye bonde la Kalimabenge, juu ya mji wetu wa Uvira, wakaoge. Wengine mmetuuliza: kwa nini mhangaike na mlima, na ziwa liko mbele ya mlango? Tanganyika ni zuri, lakini lina mamba na viboko, na penye majani ya ukingoni mnakaa konokono wanaobeba bilharzia. Huko juu maji ni ya baridi, yanakimbia kati ya mawe, na mahali pamoja yanatulia na kufanya kidimbwi kinachomfika mtu mzima kiunoni.

Niseme ukweli: mimi sikutaka kwenda. Mnakumbuka tarehe 16 na 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoacha njia yake ukaingia ndani ya kartiye. Makumi ya watu walikufa na nyumba maelfu zilibomoka. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miaka 4. Nilimbeba mgongoni gizani, maji yakinifika magotini. Tangu siku ile sikumruhusu kukaribia mto. Alikua bila kujua kuogelea, na mimi nilidhani ndivyo ninavyomlinda.

Mama mzee mmoja wa kikundi ndiye aliyenigeuza. Aliniambia: «Mwanangu, ukimkataza, ataenda kwa siri na wenzake. Siku hiyo wewe hutakuwepo.» Sikuwa na la kujibu.

Tuliondoka asubuhi. Baada ya nyumba za mwisho, njia inapita katika mashamba ya mihogo, kisha inaingia kwenye vichaka. Ni mwendo wa kama nusu saa. Mama mmoja alitangulia, mwingine alifunga msafara, watoto katikati. Tulibeba bugali, ndakala za kukaanga, ndizi na bidoni ya maji yaliyochemshwa. Maji ya mto hatukunywa, hata kama yanaonekana safi: kolera tunaijua hapa kwetu.

Kabla mtoto yeyote hajavua nguo, mama mzee aliingia mwenyewe na fimbo, akapima kina na kutafuta mawe yaliyofichwa. Alikataza kuruka kutoka juu ya mawe. Kisha kila mama alipewa watoto wake wa kutazama, wawili au watatu, na wale wadogo wawe karibu kiasi cha kuwashika kwa mkono. Ukitaka kwenda kando, unamwambia mwenzako kwa jina: «Nakuachia hawa.» Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Anashuka kimya, na wamama wanaendelea kuongea.

Mtoto wangu alikaa muda mrefu kwenye ukingo. Mwishowe mama mzee alimshika chini ya mgongo, akamlaza juu ya maji na kumwambia aangalie mbingu, apumue polepole. Siku hiyo alijifunza kuelea. Alicheka, na mimi machozi yalinitoka.

Karibu saa saba mchana, mama mzee alitazama juu. Kwetu jua lilikuwa kali, lakini nyuma ya mlima wingu lilikuwa jeusi, na tulisikia radi ya mbali. Akasema: «Watoto wote, nje.» Walilia. Hata wamama wawili walinung'unika, kwani hapakuwa na tone la mvua. Tulivuka tukapanda juu ya kingo. Tulikuwa bado tunawavalisha nguo wakati maji yalipoanza kuwa ya rangi ya udongo, yakileta majani na vijiti. Baadaye kidogo, jiwe ambapo tulikuwa tumeanika vikwembe halikuonekana tena.

Ndiyo sababu ninawaandikia. Mito yetu inashuka kwenye mlima mkali. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanafika chini haraka, hata kama wewe uko kwenye jua. Maji yakibadilika rangi, yakileta takataka, au ukisikia mngurumo, usingoje kuokota sahani. Watoa watoto, panda juu, na usivuke mto kurudi hata kama maji yanaonekana mafupi. Wakati wa mvua kubwa msiende kabisa.

Tulijifunza mengine pia. Beba bidoni tupu iliyofungwa vizuri na kamba ndefu. Mtoto akizidiwa na maji, mtupie hiyo au kikwembe ashike, kisha umvute. Usijirushe kama hujui kuogelea, maana tutawazika wawili. Msijisaidie karibu na maji wala kufulia huko juu, kwa sababu chini kuna dada zetu wanaochota. Na kama baada ya wiki kadhaa mtoto anaumwa tumbo au ana damu kwenye choo au mkojo, mpeleke kituo cha afya na useme kwamba alioga mtoni au ziwani. Bilharzia ina dawa.

Sasa mtoto wangu ananiuliza tutarudi lini. Nimemwambia: kiangazi kingine, tukiwa pamoja. Kwenye mkutano wetu ujao nitaomba tupange wamama wanaojua kuogelea wawafundishe watoto wetu, na sisi wenyewe tusiojua. Mimi nitakuwa wa kwanza kujiandikisha.