Makala Machache, Maji Moto Yaleyale

Juni na Julai, baridi ya Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haina mzaha. Vilima vya Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi, viko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mzazi gani atamwogesha mtoto kwa maji yaliyolala ndooni? Mbabula, yaani jiko la bati, huwashwa, na makala, yaani mkaa, huanza kuteketea.

Eneo hili si geni kwa nishati kubwa. Urani iliyochimbwa Shinkolobwe ilitumika katika mabomu ya atomiki ya Marekani mwaka 1945. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kufua umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Hata hivyo, familia nyingi za eneo hili bado zinapikia na kuogea kwa miti ya miombo, na miti hiyo inazidi kurudi nyuma mbali na miji.

Hesabu ya makala hayo inauma. Kupasha lita 20 za maji kutoka nyuzi 18 hadi 40 kunahitaji joto lililomo katika gramu 60 hivi za makala. Lakini mbabula ya bati tupu hufikisha kwenye sufuria takriban robo ya joto lake, mara nyingi pungufu ya hapo. Mengine yote hupotelea hewani. Kwa hiyo huchomwa gramu 240 au zaidi. Na kwa kuwa tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo moja ya makala, ndoo moja ya kuogea imeshameza zaidi ya kilo nzima ya kuni.

Dawa ya kwanza ni udongo. Jiko lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 lina ganda la bati na bakuli la udongo uliochomwa ndani yake; hupunguza mkaa kwa takriban asilimia 30 hadi 50, na fundi wa bati akishirikiana na mfinyanzi huweza kulitengeneza. Dawa ya pili haina gharama: mfuniko. Maji ya kuoga pia hayana haja ya kuchemka. Yakifika joto la mwili, yaepuliwe. Ya kunywa ndiyo yachemshwe kweli.

Jua nalo lipo. Kiangazi cha Katanga kina anga safi, na bidoni, yaani dumu la maji, iliyopakwa rangi nyeusi, ikianikwa tangu asubuhi pasipo na upepo, huwa na maji ya vuguvugu jioni.

Usiku ndipo penye hatari. Paa la bati hutoa joto la chumba haraka, na wengine huingiza mbabula ndani wapate kulala. Makala yanayofifia hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na mtu hufa usingizini. Dari la mbao chini ya bati, nyufa za mlango kuzibwa na blanketi la ziada huhifadhi joto bila moto. Mbabula ibaki nje, hata makala yakionekana yamekufa.