Je, Wajua? Taa Ndani ya Kizazi

Je, wajua kwamba mgonjwa anayetajwa kuwa wa kwanza kuchunguzwa ndani ya kizazi kwa macho na kutibiwa papo hapo alikuwa bibi wa miaka 60 hivi, aliyetokwa na damu ilhali hedhi ilikuwa imeshakoma? Ilikuwa mwaka 1869. Daktari Diomede Pantaleoni alipitisha mrija kwenye mlango wa kizazi, akaona kinyama kimeota ndani, akakichoma kwa naitreti ya fedha. Kifaa chenyewe kilitokana na kile cha Mfaransa Antonin Desormeaux, kilichobuniwa kwa ajili ya njia ya mkojo na kuangazwa kwa taa ya spiriti na tapentaini. Bibi yule alikuwa na moyo!

Kipimo hicho leo huitwa histeroskopi. Mrija una upana wa milimita 3 hadi 5 hivi, kamera inaonyesha picha kwenye skrini, na moto hauhitajiki tena. Kinachowashangaza wengi ni kwamba kizazi kisicho na mimba hakina uwazi ndani yake. Kuta zake zimelaliana kama gunia tupu la katani, hivyo daktari hukitanua kwanza ili aone, na mara nyingi hutumia maji yaleyale ya dripu yenye chumvi. Siku nzuri ya kufanya kipimo hiki ni muda mfupi baada ya hedhi kwisha, utando wa ndani ukiwa bado mwembamba.

Je, wajua kuwa "kusafishwa kizazi" ili kutafuta chanzo cha damu ni kazi ya kupapasa gizani? Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani walichunguza vizazi 50 vilivyokwanguliwa muda mfupi kabla ya kuondolewa kwa upasuaji. Katika 6 kati ya kila 10, chombo kilikuwa kimegusa chini ya nusu ya ukuta wa ndani. Kinyama kidogo kilichojificha pembeni hubaki palepale, na mama hurudi nyumbani akidhani amepona.

Sasa tuje Tanga, tuone damu inayopotea humfanyia nini mama. Katikati ya miaka ya 2010, watafiti waliwafuatilia wanawake wa Korogwe na Handeni tangu kabla hawajashika mimba, wakichunguza upungufu wa damu na athari zake kwa mtoto. Mahali walipoanzia palinivutia: kabla ya mimba. Tumezoea kumpima mama damu anapofika kliniki na tumbo, wakati huenda damu imekuwa ikimpungua kwa miaka. Takwimu za kitaifa za 2015–16 zilionyesha kuwa wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Malaria, minyoo na lishe duni hutajwa haraka. Hedhi nzito husahaulika, kwa sababu mhusika haisemi, na mhudumu asipouliza imepita.

Nzito ni ipi? Inayozidi siku 8, au inayokulazimu kubadili pedi au kitambaa kila saa, au yenye mabonge makubwa. Mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, liligawa sababu za damu isiyo ya kawaida katika makundi 9. Histeroskopi hung'ara kwa baadhi tu: vinyama, faibroidi zilizochomoza ndani ya kizazi, na utando unaotiliwa shaka ya saratani, ambapo daktari hukata kipande akiwa anakiona. Kwa damu inayovurugwa na sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, mara nyingi mrija hauna la kuonyesha.

Kwa hiyo mama wa Handeni hapaswi kuanza kwa kuulizia mrija. Huanza kwa maswali, kipimo cha mimba, kipimo cha wingi wa damu, na kuangaliwa mlango wa kizazi, kwani saratani ya hapo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini. Kichocho cha mkojo nacho kinaweza kuacha mayai yake kwenye mlango wa kizazi na kuleta damu baada ya tendo la ndoa. Anayeteka maji lamboni ataje hilo. Kisha ultrasaundi. Ikibaki shaka, safari ya rufaa inaanza: Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 hivi, na hospitali ya rufaa ya Bombo, jijini Tanga, bado iko mbele. Histeroskopi yenyewe hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, kwa hiyo safari inaweza kuendelea hadi Moshi au Dar es Salaam.

Na yule aliyekoma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone? Wengi wa walio kama yeye hawakutwi na saratani. Lakini huyo hasubiri tone la pili. Aende hospitali wiki hiyohiyo.