Simu Inyamaze Kwanza

Burundi tunaendesha upande wa kulia, lakini gari nyingi zilizotoka Japani zina usukani kulia vilevile. Kwa hiyo sisi madereva wa Toyota Probox tunakaa upande wa mtaro. Nikitaka kulipita lori kwenye barabara ya Rumonge, sharti nichomoze gari ndipo nione kinachokuja. Kazi hiyo inataka macho yote mawili, na simu inayowaka kando ya gia inanitisha kuliko kona za Bugarama.

Simu ya dereva wa Bujumbura haipumziki. Abiria anauliza umefika wapi. Mwenzako anakuambia kituo fulani kimeletewa mafuta, uwahi foleni. Nauli imeingia kwa Lumicash, pesa ya simu, mlio umesikika, mkono unawasha kuhakikisha. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata mita 50 katika sekunde tatu, muda wa kusoma ujumbe mfupi. Ndani ya mita 50 hizo, njia ya Bugarama, yumo kijana anayeteremka na baiskeli iliyojaa mikungu ya ndizi, na wamo wenzake walioshika lori kwa nyuma liwavute mlimani. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyeitumia.

Lakini simu hiyohiyo inaweza kumlinda dereva. Ndani yake mna vipimo vinavyohisi breki ya ghafla na kona iliyokatwa kwa kasi, na mwendo inaupata kwa setilaiti. Kisha kuna kamera mbili. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walionyesha programu waliyoiita CarSafe. Kamera moja ilitazama uso wa dereva: kope zinafumba? kichwa kimegeuka? Nyingine ilitazama barabara na umbali wa gari lililotangulia. Simu za wakati ule hazikuweza kuwasha kamera zote mbili kwa pamoja, basi programu ilihama kutoka moja hadi nyingine kulingana na hali ya safari. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya linatakiwa liwe na mtambo wa kumwonya dereva anayesinzia. Probox ya mtumba haina mtambo huo. Sisi tuna simu.

Ninazipenda programu hizi, na ndiyo sababu nataka tuzijue vizuri. Onyo la kutoka nje ya njia hutegemea mistari iliyopakwa rangi. Rangi ikifutika, kamera haina cha kushika. Vilevile kamera hutambua kile ilichofundishwa, na sidhani kama aliyeifundisha aliwahi kukutana na baiskeli iliyofunikwa na ndizi hadi haionekani. Jua letu la mchana likipiga kioo, simu hupata moto hadi inajizima. Na onyo linalolia ovyo, dereva atalizima siku hiyohiyo.

Kwa hiyo madereva vijana wa hapa mtaani Buyenzi nawaambia waanze na kazi rahisi: kuinyamazisha simu. iPhone ina mpangilio huo tangu 2017, na simu nyingi za Android zinao. Gari likianza kwenda, simu inazuia ujumbe usitokee, na inaweza kumjibu anayekuandikia kwamba unaendesha. Kuongea kwa spika si dawa. Mikono inabaki kwenye usukani, lakini akili imeondoka.

Abiria wenyewe hatujawazoesha. Mama mmoja aliyetoka sokoni aliniona nimeacha simu iite, akanihurumia.

“Pokea, mwanangu, huenda ni riziki.”

“Mama, tukifika Kanyosha nitampigia.”

Hakuridhika, lakini alinyamaza.

Anayeita zaidi, hata hivyo, ni mwenye gari. Anataka kujua umepakia wangapi, uko wapi, umepata kiasi gani. Hakuna programu itakayomsaidia dereva anayeogopa kunyang'anywa ufunguo kwa sababu hakupokea simu ya bosi. Ombi langu kwa wenye magari ni hili: pigeni kabla hatujaondoka kituoni, au subirini tufike. Ramani ya simu inaweza kuwaonyesha gari lilipo bila dereva kugusa chochote.