Sheria ya Marekani Yamlinda Pia Mwanafunzi Anayebaguliwa kwa Weusi wa Ngozi

Wazazi wa wanafunzi Weusi katika shule za Marekani wanaweza kuwasilisha malalamiko ya kisheria iwapo shule inambagua mtoto kwa kiwango cha weusi wa ngozi yake, hata kama anayembagua ni Mweusi mwenzake.

Haki hiyo inatokana na Sehemu ya Sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayozikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho kumbagua mtu kwa mbari, rangi au asili ya taifa. Katika Kiswahili, maneno “ubaguzi wa rangi” hubeba mambo mawili ya kwanza kwa pamoja. Sheria hiyo inayatenganisha. Ndugu wa baba na mama mmoja, mmoja mweusi tii na mwingine maji ya kunde, ni wa mbari moja. Yule wa kwanza akiadhibiwa vikali zaidi kwa kosa lile lile kwa sababu ya ngozi yake, amebaguliwa kwa rangi.

Utafiti wa Lance Hannon, Robert DeFina na Sarah Bruch, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa uwezekano wa kusimamishwa masomo kwa wasichana Weusi wenye ngozi nyeusi zaidi ulikuwa takribani mara tatu ya ule wa wenzao wenye ngozi nyeupe zaidi. Tofauti hiyo haionekani katika takwimu za kawaida za shule, kwani huorodhesha mbari ya mwanafunzi, si weusi wa ngozi yake. Ndiyo maana kumbukumbu za mzazi zina uzito: tarehe, maneno yaliyotamkwa, waliokuwapo, na barua ya kuuarifu uongozi wa shule. Kejeli za wanafunzi, kama kumwita mwenzao “mkaa”, nazo huihusu shule pale inapozifahamu na kuziacha zikithiri.

Malalamiko hupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu, kwa kawaida ndani ya siku 180 tangu tukio litokee. Hakuna ada, wala wakili si lazima, na shule hairuhusiwi kulipiza kisasi.

Kwa familia zisizomudu Kiingereza, zikiwemo za wakimbizi wanaozungumza Kiswahili kutoka Kongo, shule inawajibika kutoa mkalimani mwenye uwezo. Mtoto mwenyewe hapaswi kubebeshwa kazi hiyo.