Anayejaribu tovuti hujifanyaje yuko Ujerumani?

Umewahi kubonyeza video ukaambiwa haipatikani nchini mwako? Tovuti haikukuuliza uko wapi. Iliangalia tu anwani ya IP, ile namba inayoambatana na kila ombi ambalo simu yako inatuma kwenye intaneti.

Sasa mfikirie anayeitengeneza tovuti hiyo. Yuko Dar es Salaam na anataka kujua mtu aliye Ujerumani ataona nini. Tena akiifungua kwenye kompyuta yake mwenyewe, seva inaona 127.0.0.1, namba yenye maana ya "hapa hapa kwenye mashine hii".

Kughushi anwani ya mtumaji hakusaidii. Seva hutuma jibu kwenye anwani iliyoandikwa, hivyo jibu litaenda kwingine na mawasiliano hayataanza.

Kuna njia rahisi zaidi. Tovuti nyingi huwa na seva ya kati mlangoni, inayopokea maombi na kuyapeleka ndani. Ili seva ya ndani imjue mgeni halisi, ile ya mlangoni huongeza mstari uitwao X-Forwarded-For wenye anwani yake. Anayefanya majaribio huuandika mwenyewe, kwa programu kama curl, akaweka anwani ya Ujerumani. Basi, ameshafika.

Tatizo ni kwamba mwizi naye anaweza kuuandika. Chukua tovuti inayoifungia anwani baada ya nenosiri kukosewa mara 5. Mwizi akibadilisha namba kwenye mstari huo kila anapojaribu, seva inadhani ni mtu mpya, na anaendelea kubahatisha hadi apate. Ndiyo maana seva inatakiwa kuuamini mstari huo ukitoka kwa seva yake ya kati tu. Jaribio ambalo wengi hulisahau ni hilo: kutuma anwani ya uongo kutoka nje na kuangalia kama inapuuzwa.

Na wewe wa simu hili linakuhusu. Kampuni za simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukifungiwa bila kosa, huenda mwenzako wa anwani hiyo ndiye aliyekosea nenosiri. Hilo nalo hupimwa kwa njia ile ile: watumiaji 20 wa kubuni, anwani moja, mmoja anakosea makusudi, kisha inaangaliwa kama wale 19 bado wanaingia.